Maharage au Krimu

…maharage au krimu, ananiuliza maharage au krimu, swali gani hili la kumfunga mtu mdomo, mtoto wa chekechea analijibu huku akipenga kamasi, na mimi mwanamke mzima wa miaka arobaini na tisa nimesimama mbele ya kigari hiki nyuma ya stendi ya Andong, pochi nimeishika kwa mikono miwili, macho nimeyatoa tu, "Dada, maharage au krimu?" na huyu baba mwenye kofia ya sufu keshashika koleo lake ananingoja, ananiita dada kwa adabu ya biashara, angeniita shangazi ningekasirika nikaondoka, ingekuwa afadhali, ningekuwa nimepata sababu… joto la kalibu za chuma linanipiga usoni, harufu ya unga unaoiva, harufu ya maharage mekundu yaliyochemshwa na sukari mpaka yakasahau kama yaliwahi kuwa mboga, na huku nyuma upepo wa Desemba unapenya chini ya turubai unanichoma visigino, mbele moto nyuma barafu, ndivyo nilivyo tangu asubuhi, nusu yangu inataka hiki na nusu inataka kile. Sema maharage, Su-gyeong, fungua mdomo useme maharage, samaki wa unga, mkate huu wa kalibu wenye umbo la samaki, tangu dunia iumbwe ana maharage tumboni, hii krimu imekuja juzi tu na watoto wa shule, Mama hakuwa mtu wa krimu, nilimwonjesha siku moja akakunja uso akasema, "Hii si ndiyo dawa ya meno?" basi limekwisha hilo, maharage… lakini leo sinunui wa kula, leo nanunua wa kuandalia, leo Mama anatimiza mwaka tangu atutoke, jioni hii kaka Byeong-du atampangia meza yake ya kwanza ya vyakula vya marehemu, lango litaachwa wazi ili aingie, tutainama wote mpaka chini, na mtu gani asiyejua kwamba maharage mekundu hayakanyagi meza ya marehemu, wekundu ule unafukuza roho, mbaya na nzuri, hauchagui. Mama mwenyewe kwa ajili ya meza ya Baba alikuwa analoweka maharage kwenye beseni, anayasugua, anayamenya punje kwa punje mpaka ganda jekundu la mwisho litoke yabaki meupe, ndipo anayapika na mchele kutengeneza keki za mvuke, vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee, "Baba yako akiona nyekundu atageukia mlangoni," ndivyo alivyokuwa akisema, sasa leo mimi binti yake niende nikamwekee nyekundu? Atafika mpaka kizingitini, atanusa, atageuka arudi alikotoka. Na nikimwekea krimu ataingia vizuri, atakaa, halafu atakuta dawa ya meno. Jamani, mtu anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu ya mkate wa pesa ngapi huu!

Simu inatetemeka mfukoni, ni wifi yangu Hye-rim, mke wa kaka, "Wifi, uko wapi, kaka yako keshaanza kupanga, peasi umepata?" nimepata, wifi, peasi ziko kwenye kikapu hapa chini, "Kubwa?" kubwa, "Zisizo na doa?" hazina doa, wifi, kama shavu la mtoto, na yeye anashusha pumzi, maskini, tangu juzi anakaanga, anakaanga, na zile keki ndogo za asali amenunua za boksi, anaona haya kuniambia, Mama alikuwa anazikaanga mwenyewe kwa moto mdogo, anazitumbukiza kwenye asali na tangawizi, togwa tamu ya mchele anaipika mwenyewe, ila nani ana muda siku hizi, mimi mbona sikujitolea, nimejitolea peasi… "Na nini kingine, mbona nasikia kelele za watu?" niko kwenye kigari cha samaki wa unga, nasema, na kabla sijamaliza simu imenyakuliwa, ni kaka, namjua kwa anavyokohoa kabla ya kusema, kama mkuu wa wilaya, "Samaki wa unga wa nini?" wa Mama, kaka, "Wa Mama kivipi?" wa kuweka mezani, siku hizi watu wanaweka alichopenda marehemu, jirani yako si alimwekea baba yake kuku wa kukaanga na bia, namwona kabisa ameshika ile picha yake inayoonyesha kila kitu kinakaa wapi, chekundu mashariki, cheupe magharibi, samaki mashariki, nyama magharibi, "Haya, na huyo anakaa upande gani?" upande gani tena, "Su-gyeong, usinichezee leo, huyo ni samaki au ni keki? Kama ni samaki ni mashariki, kichwa kielekee mashariki, kama ni keki ni mstari wa mbele," ni keki, kaka, "Keki gani ina magamba?" basi ni samaki, "Samaki gani hana mifupa?" na wifi huko nyuma anacheka kwa kujizuia, nami nilikuwa karibu kucheka, karibu kabisa, nilihisi kicheko kimefika kooni, ndipo akasema, "Sikia, nitamtafutia mahali, lakini asiwe wa maharage. Umenisikia? Ukileta maharage kwenye meza ile, utakuwa umemfungia Mama mlango kwa mkono wako," na simu ikakatika.

Kwa mkono wako… "Dada, samaki wanaungua hawa," ndiyo, baba, samahani, nipe dakika moja tu, nafikiri, "Wa kufikiria wapo, dada, ila moto haufikirii," na anazigeuza kalibu kwa ndoano yake, klak, klak, klak, zinazunguka, samaki sita wanalala chali, anamimina unga kwa birika, anadondosha kijiko cha maharage hapa, kijiko cha krimu pale, anajua bila kuweka alama yupi ana nini tumboni, mimi sijui langu lina nini. Nyuma yangu wapo wasichana wawili wa sekondari, mmoja ana rola kwenye nywele za paji la uso katikati ya barabara kana kwamba yuko chumbani kwao, "Huyu shangazi vipi, kalala?" "Shh, mwache, labda anaongea na mizimu," wanacheka, wanagongana mabega, haya, chekeni, mama zenu wazima… shangazi, enhe, shangazi ndiyo hiyo imetoka, na sikukasirika, wala sijaondoka, kumbe ile sababu nayo imeisha. Kwa mkono wako. Kwa nini neno lile limenikwama hivi, Byeong-du anasema mengi kwa siku, mangapi yananipita, hili limekaa, limekaa kama mwiba wa samaki, wa samaki mwenye miba… mimi najua sheria ya maharage, nimeijua tangu nina miaka sita, na asubuhi nilipovaa koti nilisema kwa sauti mbele ya kioo, nitamnunulia Mama samaki wa maharage, wa maharage, nilisema, sikusema samaki tu. Na nilishuka basi kituo kimoja kabla ili nipite hapahapa, kwa baba huyuhuyu, viko vigari vitatu kati ya kwangu na kwa kaka, nimevipita vyote. Sasa mtu anayejua kwamba maharage yanafukuza, akaamka asubuhi akaenda kutafuta maharage, huyo anataka nini? Mbona hilo halina haja ya mganga. Hataki aingie. Mimi, mimi sitaki Mama aingie, lo, limetoka, nimelisema, kichwani lakini nimelisema. Simtaki aje anitazame mdomoni.

Kwa sababu alikuwa ananitazama mdomoni, ndiyo, siku ile, Alhamisi, Alhamisi ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kwenda kumwona kule hospitali ya wazee mlimani, na wiki iliyotangulia alikuwa amenishika mkono akasema, "Niletee samaki wa unga," sukari yako, Mama, daktari anasema, "Mmoja. Wangu peke yangu. Kuanzia kichwani," nikashangaa, kwa sababu Mama alikuwa mtu wa mkia, ukoo mzima unajua Mama ni mtu wa mkia. Tulipokuwa wadogo alikuwa anamenya vitunguu saumu sokoni kutwa nzima, jioni anarudi na mfuko wa karatasi ameuficha ndani ya koti, kifuani, usipoe, samaki watatu, mmoja wa Byeong-du, mmoja wangu, wa tatu anamvunja katikati tunagawana, na kabla hatujashika anakata mikia yote mitatu, "Mkia ndio mtamu, unakauka unalia kru kru, ninyi hamjui kula," na mkia hauna maharage, ni unga mtupu, tulimwamini, watoto wajinga, tulimwamini mpaka tukaota mvi, tukishamaliza anatupangusa midomo kwa kidole gumba, mmoja mmoja, tusije tukatoka nje tumechafuka majirani wakasema, na mikono yake ilikuwa inanuka vitunguu mpaka nakunja uso… sasa mtu wa mkia anataka kichwa? Nikajiambia amechanganyikiwa, uzee. Lakini Alhamisi iliyofuata nilinunua, hapa, kwa baba huyu, watatu wa maharage, nikapanda basi la mlimani nimeuweka mfuko ndani ya koti kama yeye, ulikuwa unanichoma kifua vizuri, nikashuka, na pale kituoni chini ya hospitali nikaanza kuwaza, sukari yake ilipanda juzi, wauguzi watasema, kaka atasema, na baridi ilikuwa kali, sikuwa nimekula tangu asubuhi, nikasema ngoja nile mmoja tu nipate nguvu ya kupanda ule mlima, nikala. Halafu nikasema wawili wanamtosha nini, si nitamtamanisha bure. Nikala wa pili. Wa tatu sikusema kitu, nilikula tu. Mfuko nikaufinyanga nikautupa, nikapanda mlima nimeshiba, na nilivyoingia tu, hata sijavua viatu vizuri, akainua pua, macho yale hayakuwa yanaona sawasawa lakini pua, ah, pua ya Mama, "Umekula samaki," na mimi, bila kufikiri, "Sijala, Mama." Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilikuwa na urefu wa kitanda kimoja. Alinitazama mdomoni. Nikasema nitakuletea Alhamisi ijayo, akasema, "Haya." Jumamosi asubuhi wakapiga simu.

Basi ndiyo hilo, mwaka mzima nimelibeba, Byeong-du hajui, nani nitamwambia, nimwambie mtu nilimnyima mama yangu samaki wa unga nikamla mwenyewe kituoni, watu watacheka, ni kitu cha kuchekesha kabisa, mpaka mimi nimewahi kucheka, bafuni, nikaishia kulia maji yakinitiririka. "Shangazi, samahani, kama hujaamua tupishe sisi tuagize," ni yule wa rola, kwa adabu safari hii, naamua, mwanangu, naamua sasa hivi, "Wa kichwani kwanza au wa mkiani kwanza?" mwenzake anamuuliza, wanaanza kubishana, kichwa kwanza ni watu wenye pupa, mkia kwanza ni watu wa aibu, na vipi anayekula mkia tu, nataka kuwauliza, yeye ni mtu gani… ngoja. Ngoja kwanza. Alinitazama mdomoni, halafu? Mimi kila siku nasimamia hapo, alinitazama mdomoni, akasema haya, Jumamosi. Lakini baina ya kunitazama na haya kulikuwa na kitu, mkono, alitoa mkono kwenye blanketi, ule wenye kibandiko cha sindano, nikadhani anataka maji, nikainama, na kidole gumba kikaja hapa, pembeni mwa mdomo wangu, kikanipangusa, taratibu, kama zamani, na palikuwa na kitu pale, ganda la haragwe, au ile rojo yenyewe, sikujua, kumbe nilisimama mbele yake na ushahidi usoni, halafu, hili nimelifukia wapi mwaka mzima, akakitia kidole mdomoni mwake. Akakinyonya. Akafumba macho. Akasema, "Bado wanatia chumvi kidogo." Ndivyo alivyosema! Bado. Bado, mtu wa mkia, aliyekula unga mtupu maisha yake yote, amejuaje kama zamani walitia chumvi kidogo kwenye maharage? Lo, Mama. Lo. Kidole gumba, mmoja mmoja, tukishamaliza, na tukishageuka tukakimbilia nje nani alitazama nyuma kuona kidole kile kinakwenda wapi, si mimi, si Byeong-du. Kisebusebu na kiroho papo, miaka yote ile, alikuwa anakula maharage kwenye midomo yetu.

Hakunigombeza. Ninamwogopa mtu ambaye hakunigombeza. Na sasa nifanye nini, bado sijui, nikiweka krimu ninamdanganya mara ya pili, kwa heshima zote, uso kwa uso, mishumaa imewashwa, nikiweka maharage ninamfungia mlango, kaka kasema, Mama naye alisema, wote wamesema, lakini Mama huyohuyo siku fupi kuliko zote ya mwaka, ambayo ni keshokutwa, alikuwa anapika uji wa maharage mekundu anaurusha kwa kijiko kwenye lango lile la chuma la bluu la nyumba anayokaa kaka sasa, pa, pa, pa, mashetani yasiingie, nikamuuliza, Mama, na Baba naye hataingia? Akacheka mpaka kijiko kikamwanguka, "Baba yako? Polisi wa marufuku ya kutembea usiku walishindwa kumzuia, atazuiwa na maharage?" sasa lipi la kweli, la beseni au la lango, nishike lipi niache lipi, aliamini vyote viwili mwanamke yule, asubuhi hiki jioni kile, na uji ulibaki kwenye lango mpaka unakauka mweusi… langoni. Kwenye lango, si mezani. Nani aliyesema lazima iwe mezani? Samaki wa unga tangu lini akakaa mezani, mashariki, magharibi, huyu ni wa barabarani, analiwa kwa kusimama, kwa kupuliza, kwenye karatasi, na roho inakuja kwa njia, inapita langoni kama mtu mwingine yeyote, na kabla haijapita lango haijafika kwenye sheria za Byeong-du. Basi nitawaacha wakiwasha mishumaa, nitasema nimesahau kitu nje, nitasimama pale kwenye lango la bluu kabla giza halijakolea, mfuko kifuani, na nitamtoa mmoja, mzima, na kichwa chake, na maharage yake, nitasema, Mama, nilikula, watatu, nilikudanganya, huyu hapa wako peke yako. Na akikimbia? Akikimbia nitakuwa nimeambiwa la haki. Lakini mtu aliyelamba kidole siku mbili kabla ya kufa atakimbia? Sijui. Kwa kweli sijui, mimi si mjuzi wa mambo ya huko, najua tu kwamba nitasimama, na mdomo sitaufuta. Na mikia, mikia ya wote nitaila mimi.

"Dada," anasema huyu baba, koleo liko palepale hewani, hata moshi wa samaki wale sita haujatawanyika, wasichana bado wanabishana kichwa na mkia, kumbe yote haya yamepita kabla kundi moja halijaiva, "mara ya mwisho nakuuliza, maharage au krimu?" na sauti inatoka, ya kukwaruza lakini inatoka, maharage, baba, "Haya! Watatu?" watatu, na anauchukua mfuko, anaanza kuukunja mdomo, usiufunge, namwambia, watalowa kwa mvuke, kuna mtu nakwenda kumngojea nje.